Kifaa Kilichomo Mwilini Mwako Kina Namba

IJUE SHERIA

Ukinunua baiskeli dukani unapewa risiti. Baiskeli yenyewe ina namba iliyogongwa kwenye chuma. Baiskeli ikiibwa, namba hiyo ndiyo unayoipeleka polisi. Kama hukuiandika, utabaki kusema, "Baiskeli yangu ni nyeusi." Baiskeli nyeusi ni nyingi. Polisi atakusaidiaje?

Sasa jiulize swali moja. Kama uliwekewa chuma mguuni hospitali, unaijua namba ya chuma hicho?

Watu wengi vijijini wana vifaa ndani ya miili yao. Kijana aliyevunjika paja kwa ajali ya pikipiki amewekewa chuma cha kushika mfupa. Bibi aliyepasuliwa mtoto wa jicho amewekewa lenzi ndogo ndani ya jicho. Mzee ambaye nyonga yake ilisagika amewekewa nyonga ya bandia. Vifaa vinavyotumika kutibu huitwa vifaa tiba. Vile vinavyoachwa ndani ya mwili huitwa vipandikizi.

Vifaa hivi ni msaada mkubwa. Kijana anasimama mapema na kurudi kazini. Bibi anaona tena sura za wajukuu wake. Kwa hiyo safu hii haikuambii uogope hospitali. Lakini mara nyingine kifaa huwa kibovu. Mara nyingine kifaa ni kizima, ila kimewekwa vibaya. Mgonjwa akidhurika, sheria inampa njia za kudai haki yake. Mwezi huu tutazitazama njia hizo.

KISA CHA NYONGA YA CHUMA

Tuanze na kisa cha kweli. Kilitokea katika nchi nyingi, na kina mafunzo mengi.

Nyonga ni mahali paja linapoungana na kiuno. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo kama mpira mdogo. Kinazunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa kiuno. Kiungo hiki kikisagika, mtu hutembea kwa maumivu makali. Daktari mpasuaji anaweza kukitoa na kuweka kiungo cha bandia.

Kampuni iitwayo DePuy ilitengeneza nyonga ya bandia iliyoitwa ASR. DePuy ni sehemu ya kampuni kubwa ya Marekani, Johnson & Johnson. Katika nyonga hiyo, mpira ulikuwa wa chuma na kikombe kilikuwa cha chuma. Chuma chenyewe kilikuwa na madini ya kobalti na kromi.

Mkulima anajua chuma kikisuguana na chuma kinafanya nini. Ukinoa panga kwa tupa, unga mweusi huanguka chini. Ndivyo ilivyokuwa ndani ya miili ya wagonjwa wale. Kila hatua waliyotembea, chuma kilisuguana na chuma. Vumbi la chuma liliingia katika nyama zilizo karibu na nyonga. Madini yaliingia katika damu. Baadhi ya wagonjwa walipata maumivu na uvimbe, na nyama zao ziliharibika. Walilazimika kupasuliwa tena na kuwekewa nyonga nyingine.

Nani aligundua jambo hili? Si mtu mmoja. Yaligunduliwa na madaftari.

Nchi ya Australia ilianza daftari la taifa la viungo vya bandia mwaka 1999. Kila mgonjwa anayewekewa nyonga huandikwa humo, pamoja na jina la kifaa chake. Mgonjwa akipasuliwa tena, huandikwa tena. Daktari mmoja akiona mgonjwa wake mmoja amerudi, anaweza kudhani ni bahati mbaya. Lakini daftari linakusanya wagonjwa wa hospitali zote. Hilo lilionyesha kwamba wagonjwa wa ASR walirudi kupasuliwa wengi kuliko wagonjwa wa nyonga nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2009 kampuni iliacha kuuza nyonga hiyo Australia.

Uingereza nayo ina daftari la namna hiyo. Mwaka 2010 lilionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 waliowekewa ASR, 12 au 13 walipasuliwa tena katika miaka 5. Mwezi Agosti 2010 kampuni ilitangaza kuirudisha nyonga hiyo kutoka nchi zote. Wakati huo nyonga kama 93,000 zilikuwa zimekwisha wekwa ndani ya watu.

Ndugu msomaji, unaweza kulirudisha jembe bovu dukani. Nyonga iliyo ndani ya mwili hairudishwi hivyo. Ndiyo maana wagonjwa wengi walikwenda mahakamani.

MAHAKAMA ZILISEMA NINI

Huko Marekani maelfu ya wagonjwa walifungua madai. Mwezi Machi 2013, mahakama ya Los Angeles iliamua kesi ya kwanza. Wananchi waliokaa kama baraza la mahakama walisema muundo wa nyonga ile ulikuwa na kasoro. Mgonjwa alipewa fidia ya dola milioni 8.3.

Mwezi uliofuata kesi ya pili iliamuliwa mjini Chicago. Kifaa kilikuwa cha jina lile lile. Safari hii kampuni ilishinda. Mgonjwa hakupata kitu.

Mwezi Novemba 2013 kampuni na mawakili wa wagonjwa walikubaliana nje ya mahakama. Kampuni ilikubali kutoa kiasi cha dola bilioni 2.5 kwa wagonjwa kama 8,000 wa Marekani waliokuwa wamepasuliwa tena. Kiwango cha kuanzia kilikuwa dola 250,000 hivi kwa mgonjwa mmoja. Malipo ya mawakili yalitoka ndani ya fedha hizo.

Tazama pia jambo la Uingereza. Kampuni hiyo hiyo ilitengeneza nyonga nyingine iliyoitwa Pinnacle. Wagonjwa kama 300 waliowekewa Pinnacle za chuma kwa chuma walidai fidia mjini London. Mwaka 2018 jaji aliyakataa madai yao. Alisema hawakuthibitisha kwamba kifaa kilikosa usalama ambao watu wana haki ya kuutarajia.

Tunajifunza nini? Maumivu peke yake si ushahidi. Mahakama inataka kuonyeshwa kosa, na inataka kuonyeshwa kwamba kosa hilo ndilo lililoleta madhara.

WAGONJWA WASIOPATIKANA

Sasa tuende India. Huko nako nyonga za ASR ziliuzwa. Wagonjwa kiasi cha 4,700 waliwekewa. Serikali ya India iliunda kamati kuchunguza jambo hilo. Mwaka 2018 taarifa ya kamati ilitolewa. Serikali ikapanga viwango vya fidia kwa kutazama umri wa mgonjwa na ukubwa wa ulemavu wake. Viwango vilianzia rupia milioni 3 na kufika rupia milioni 12.3 hivi. Kampuni ilipinga utaratibu huo katika mahakama ya Delhi.

Lakini kulikuwa na shida kubwa zaidi. Wagonjwa zaidi ya 3,600 hawakupatikana. Kumbukumbu zilizokuwepo hazikutosha kuwafikia. Walikuwa wapi? Hakuna aliyejua. Pengine mmoja wao alikuwa akichechemea shambani kwake, akidhani ni uzee.

Mtu anayejua jina la kifaa chake anaweza kusikia tangazo redioni na kusema, "Hicho ndicho changu." Mtu asiyejua, tangazo litampita. Kwa hiyo neno la kwanza la sheria mwezi huu ni hili: omba jina na namba ya kifaa chako, uviandike na kuvitunza.

Vipandikizi vingi hufika hospitali vikiwa na karatasi ndogo za kubandika. Karatasi hizo zina jina la kifaa, jina la mtengenezaji na namba. Moja hubandikwa katika faili la mgonjwa. Kabla ya kuruhusiwa kutoka hospitali, sema hivi: "Daktari, naomba uniandikie jina na namba ya kifaa ulichoniwekea." Ombi hilo si ugomvi. Daktari mwema hatakasirika.

KOSA NI LA NANI?

Tuchukue mfano. Tuseme kijana alivunjika paja akawekewa chuma. Baada ya miezi 5 alisikia kitu kikilia ndani ya mguu, akaanguka. Picha ya eksirei ikaonyesha kwamba chuma kimekatika. Je, kosa ni la nani? Kuna majibu zaidi ya moja.

Jibu la kwanza: pengine chuma kilikuwa kibovu tangu kiwandani. Hapo lawama ni ya mtengenezaji, au ya aliyekiingiza nchini na kukiuza.

Jibu la pili: pengine chuma kilikuwa kizima, lakini kilikuwa kidogo mno, au kiliwekwa vibaya. Kama daktari hakufanya kazi kwa uangalifu unaotakiwa, huo ni uzembe. Hapo lawama ni ya daktari na hospitali yake.

Jibu la tatu: pengine hakuna mwenye kosa. Chuma kazi yake ni kushika mfupa mpaka uunge. Mfupa usipounga, chuma hubeba uzito siku zote. Mwisho huchoka na kukatika, kama waya unaopindwa huku na huku. Jambo hili linaweza kutokea hata kama daktari amefanya kazi vizuri.

Jibu la nne: pengine kijana aliambiwa asikanyage mguu, naye akaenda kubeba magunia. Hapo madai yake yatakuwa dhaifu.

Basi usikimbilie kumtuhumu mtu. Kwanza tibiwa. Kisha tafuta sababu. Daktari mwingine anaweza kukupima na kuandika maoni yake. Maoni hayo yakiandikwa, yanaweza kukusaidia mbele ya mahakama.

PA KUPELEKA MALALAMIKO

Kwa Tanzania Bara kuna njia nne. Kila njia ina kazi yake. Watu wengi hupoteza muda kwa kudai fidia mahali ambapo fidia haitolewi.

1. Hospitali yenyewe.
Anzia hapa. Mwandikie mganga mfawidhi. Eleza tarehe uliyopasuliwa, kifaa ulichowekewa, na madhara uliyopata. Peleka barua 2 zinazofanana. Moja waachie wao. Ya pili waigonge mhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Hospitali inaweza kukutibu tena, kukueleza lililotokea, au kukubali kuzungumza juu ya fidia. Kama huridhiki, peleka nakala kwa mganga mkuu wa wilaya. Kama huna uwezo wa kulipia matibabu, muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali.

2. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.
Kwa kifupi huitwa TMDA. Zamani iliitwa TFDA, na jina la sasa lilianza mwaka 2019. Mamlaka hii inasimamia dawa na vifaa tiba nchini. Ina ofisi katika kanda. Mganga anaweza kutoa taarifa ya kifaa kilichodhuru, na mgonjwa mwenyewe anaweza pia. TMDA ikiona kifaa ni kibovu inaweza kuzuia kisiuzwe na kuagiza kiondolewe. Haikupi fidia. Lakini taarifa yako inaweza kumwokoa mgonjwa wa wilaya nyingine. Kumbuka madaftari ya Australia: yalikusanya habari za mtu mmoja mmoja.

3. Baraza la Madaktari Tanganyika.
Hapa hupelekwa malalamiko juu ya mwenendo wa daktari. Baraza linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha, au kumfuta katika orodha ya madaktari. Wauguzi na wakunga wana baraza lao. Baraza halipo kwa ajili ya kugawa fidia.

4. Mahakama.
Hapa ndipo fidia inapoamuliwa. Kanuni kubwa ya mahakama ni hii: anayedai ndiye anayethibitisha. Utatakiwa kuonyesha kwamba hospitali au mtengenezaji alikuwa na wajibu kwako, kwamba hakuutimiza, na kwamba kwa sababu hiyo umedhurika. Fidia inaweza kuhusu gharama za matibabu, kazi uliyoshindwa kufanya, na maumivu uliyopata.

Mtengenezaji akiwa nchi za nje, kesi huwa ngumu zaidi. Hapo uliza TMDA ni nani aliyekisajili kifaa hicho, na ni nani aliyekiingiza nchini. Wakili akijua majina hayo atajua pa kuanzia.

Kuna pia njia ya mapatano. Pande mbili zinakaa, zinakubaliana na kuandikiana bila kungoja hukumu. Tumeona kwamba wagonjwa wengi wa Marekani walipata fedha kwa njia hii. Mapatano huokoa muda. Lakini yana hatari yake, nasi tutaieleza hivi punde.

SIKU ZINAHESABIWA

Ndugu msomaji, soma sehemu hii mara 2.

Haki ina muda wake. Kwa sheria ya ukomo ya Tanzania Bara, madai ya kudhuriwa kwa uzembe hufunguliwa katika miaka 3. Ukichelewa, mahakama inaweza kuyatupa madai yako bila hata kusikiliza maumivu yako. Miaka 3 ni michache kwa mgonjwa. Mwaka wa kwanza unapita ukitumaini mguu utapona. Wa pili unapita ukitafuta nauli ya kwenda hospitali kubwa. Wa tatu unapita ukishauriana na ndugu. Muulize wakili mapema muda wako ulianza kuhesabiwa lini.

Kama hospitali ni ya Serikali, kuna jambo la kuongeza. Huwezi kuishitaki Serikali ghafla. Ni lazima kwanza utoe notisi ya maandishi ya siku 90. Notisi hueleza madai yako na sababu zake. Hupelekwa kwa wizara au ofisi inayohusika, na nakala hupelekwa kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Siku 90 zikiisha bila suluhu, kesi hufunguliwa katika Mahakama Kuu. Kwa hiyo usingoje mwezi wa mwisho wa mwaka wa tatu ndipo uanze kutafuta karatasi.

Zanzibar ina sheria zake. Msomaji aliyeko Zanzibar aulize mwanasheria wa huko.

DOLE GUMBA

Kabla ya kupasuliwa, mgonjwa huletewa fomu ya ridhaa. Akikubali, hutia sahihi. Asiyejua kuandika hutia dole gumba. Fomu hiyo inasema umeelezwa matibabu na hatari zake, nawe umekubali. Wengine hudhani kwamba aliyetia sahihi amefungwa, hawezi kudai tena. Si kweli. Umekubali kutibiwa. Hukukubali kufanyiwa uzembe, na hukukubali kuwekewa kifaa kibovu.

Karatasi ya mapatano ni kitu kingine kabisa. Pengine mtu atakuja nyumbani kwako na fedha na karatasi. Atasema, "Hii ni pole tu. Weka dole hapa." Karatasi ile inaweza kuwa na maneno kwamba umepokea malipo yote na hutadai tena siku zote. Ukiisha kuweka dole, ni vigumu sana kurudi nyuma.

Wewe sasa unajua kusoma. Isome karatasi hiyo neno kwa neno. Kama imeandikwa kwa Kiingereza, omba ya Kiswahili. Sema, "Niachie karatasi hii. Nitaionyesha kwa mwanasheria, ndipo nijibu." Mtu mwenye nia njema atakubali kungoja.

VITU VYA KUTUNZA

Chukua bahasha moja au mfuko wa nailoni usioingia maji. Tia humo vitu hivi:

1. Jina na namba ya kifaa, pamoja na jina la mtengenezaji.
2. Karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na kadi zote za kliniki.
3. Picha za eksirei, za kabla na za baada ya kupasuliwa.
4. Risiti zote: za dawa, za vipimo, na za nauli.
5. Nakala ya fomu ya ridhaa.
6. Nakala za barua ulizoandika, zenye mhuri wa kupokelewa.
7. Daftari dogo. Andika humo tarehe maumivu yalipoanza, siku ulizoshindwa kufanya kazi, jina la kila mganga aliyekuona, na maneno aliyokuambia.

Kuna kitu cha nane. Kama kifaa kitatolewa mwilini, kifaa hicho ni ushahidi. Kabla ya kupasuliwa tena, iandikie hospitali kwamba unaomba kifaa kitunzwe kisitupwe. Kifungwe na kuandikwa jina lako na tarehe. Wataalamu wanaweza kukipima na kujua kilikatika kwa nini. Chuma kikiisha tupwa, ni vigumu kujua ukweli wake.

Usijaribu kukitoa kifaa mwenyewe, wala usimpe mtu asiye daktari akitoe. Maumivu, uvimbe, usaha au homa vikianza, nenda hospitali mara moja. Uhai kwanza, kesi baadaye.

NANI ATAKUSAIDIA?

Watu wengi husema, "Mimi maskini, wakili nitampata wapi?" Mwaka 2017 Bunge lilitunga Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kwa sheria hiyo, mtu asiye na uwezo anaweza kupata msaada bila malipo kutoka kwa watu na vyama vilivyosajiliwa. Wapo wasaidizi wa kisheria katika wilaya nyingi. Hawa si mawakili. Lakini wamefundishwa sheria, wanaweza kukusaidia kuandika barua na kukuonyesha wakili. Muulize mtendaji wa kijiji au afisa maendeleo ya jamii wanapatikana wapi.

Mwaka 2023 ilianzishwa pia kampeni ya msaada wa kisheria inayoitwa kwa jina la Mama Samia. Wanasheria walitembelea mikoa na kuwasikiliza wananchi bila malipo. Ukisikia wanasheria wa namna hiyo wanakuja katika wilaya yako, usiende mikono mitupu. Nenda na bahasha yako. Mwanasheria anaweza kukupa dakika chache tu. Akikuta karatasi zimepangwa kwa tarehe, dakika hizo zitatosha.

Na kama muda wa kesi umekwisha pita, bado uandikie hospitali, na bado toa taarifa TMDA. Huenda hutapata fedha. Lakini mwingine atakayelazwa kesho katika kitanda kile kile anaweza kuepushwa.

KAZI YA MWEZI HUU

Zunguka nyumba yako na nyumba za jirani. Uliza kama yuko mwenye chuma mguuni, lenzi jichoni, au kifaa kingine mwilini. Msaidieni kuandika mambo manne katika karatasi moja: jina la kifaa, namba yake, hospitali, na tarehe. Kama hajui jina na namba, amuulize mganga siku ya kliniki ijayo. Kama ni mzee asiyejua kusoma, nenda naye.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini wagonjwa wengi wa India hawakupatikana?
2. Chuma kilichokatika mguuni kinaweza kuwa kosa la nani? Taja majibu 4.
3. TMDA inaweza kufanya nini? Haiwezi kukupa nini?
4. Madai ya uzembe hufunguliwa katika miaka mingapi?
5. Utafanya nini ukiletewa karatasi uweke dole gumba upewe fedha?

MANENO YA KUKUMBUKA

Fidia: malipo anayopewa mtu kwa sababu ya madhara aliyopata.
Kipandikizi: kifaa kinachoachwa ndani ya mwili ili kutibu.
Notisi: taarifa ya maandishi inayotolewa kabla ya kuchukua hatua.
Ridhaa: kukubali kwa hiari baada ya kuelezwa.
Ukomo: mwisho wa muda uliowekwa na sheria.
Uzembe: kutofanya kazi kwa uangalifu unaotakiwa.

Mpaka mwezi ujao, ndugu msomaji. Nakutakia afya njema.